Mji wa Maboksi

Vijana wa mtaa walimwomba Riziki awe wa kwanza kuuona mji wao wa kesho, mji usiomtenga mtu, walioujenga kwa maboksi na gundi juu ya meza ya ukumbini. Riziki aliegemea magongo yake, akainama. Ulipendeza kweli kweli. Msikiti na kanisa vilitazamana, kila nyumba ina bustani. Lakini shule ilikuwa na ngazi. Zahanati, ngazi. Hata choo cha sokoni!

“Mimi nitapandia wapi, wadogo zangu?” aliuliza akitabasamu, akidhani wamepitiwa.

“Hatukukusahau, dada,” Shomari alijibu kwa upole kabisa. “Huu ni mji wa wajukuu wetu. Wakati huo watu kama wewe hawatazaliwa tena.”

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, nyuso zimewachangamka kama waliompa zawadi.

Riziki alijiinua juu ya magongo yake. Kisha alichomoa mpira wa chini wa gongo lake, akausimamisha mbele ya ngazi za shule, akageuka. Gongo tupu liligonga saruji, ko, ko, mpaka nje. Mezani, ule mpira mweusi ulibaki umesimama kama mgeni aliyebisha hodi, bado hajaitikiwa.