Uji Uliommwagikia Mama

Siku hizi kichekesho cha zamani hakirudi kwenye runinga mpaka mwigizaji wake wa kwanza, au mtoto wake, akitazame acheke. Bangili mkononi ndiyo inayojua kama kicheko ni cha kweli.

Kijana wa kituo cha runinga alituvalisha bangili mimi na mama. Mashine ilikuwa imekitengeneza upya kichekesho cha mama, ikamrudisha usichanani, akiigiza dada wa kazi. Vitambaa vya kufuma kwenye makochi, chupa ya chai yenye maua, hata ile mikwaruzo ya sauti, vyote vilevile.

"Bi Mkubwa, tumekosea wapi?" kijana akamuuliza mama.

"Hamjakosea," mama akajibu.

Kwenye runinga, mwenye nyumba akajikwaa, uji ukammwagikia dada kifuani. Dada akaruka kama jogoo, akipiga kelele. Nikacheka mpaka machozi. Bangili yangu ikawaka kijani.

"Safi, dada Mwanaidi! Kesho kinaruka hewani," kijana akaniambia, akaaga.

Mama akajifunika kanga vizuri. "Pale sikuwa naigiza. Uji ulikuwa wa moto."

Kovu lake la kifuani nalijua tangu utotoni. Nilidhani ni la jikoni.

"Mama, mbona hukusema?"

"Usione haya, mwanangu. Hata bibi yako alicheka."