Mtoto wa Siwema

"Jina lako halimo," alisema Bwana Chande, karani wa masjala ya hospitali.

Mahadia alishika ukingo wa meza. Bila cheti cha kuzaliwa hapati pasipoti, na chuo cha uuguzi ng'ambo kinafunga milango Ijumaa. "Nimezaliwa hapahapa, mjomba. Angalia tena."

"Mashine haina kinyongo nawe, mwanangu." Kisha akajipiga paji la uso. "Kumbe! Siku hizo mtoto hapewi jina mpaka arobaini. Mliandikwa kwa majina ya mama zenu. Wako nani?"

"Marehemu Siwema Kombo."

Chande akaandika "Mtoto wa", akaweka nukta na nyota, kisha "Kombo". "Hiyo nukta na nyota ni kuiambia mashine: hapo katikati pawe na chochote, hata kama jina la mama lilikosewa, wewe lete tu."

Ikaleta mia na ushei. Akaongeza Siwema na mwaka wa kuzaliwa wa Mahadia. Ikabaki mistari miwili.

Wote wawili wakakodoa macho. Tarehe moja, kitanda kimoja. Wa kwanza saa tisa na dakika kumi, wa pili saa tisa na nusu. Wa kike wote. Wote waliruhusiwa wakiwa wazima.

"Mama alinizaa peke yangu," Mahadia alisema.

"Mimi nasoma kilichoandikwa." Chande aliweka kidole juu ya kitufe cha kuchapisha. "Cheti ni kimoja, mwanangu. Wewe ni yupi?"

Mahadia alinyoosha mkono kwenye kioo cha mashine. Kidole chake kikasimama kati ya mstari na mstari.