Korongo la Mzee Mathenge

Mathenge alisuuza vikombe kumi na vinne akavipanga mezani, ilhali nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja. Tangu mkewe Wacera afariki na watoto wahamie mbali, kule Endebess aliongea na ng'ombe tu, naye ng'ombe hana habari mpya. Upweke ni uvundo, na mzee aliisikia harufu yake kila jioni.

Saa nne wageni wakafika. Walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Bungoma, wanaosomea utunzaji wa mazingira. Huko kwao hakuna digrii bila kuponya ardhi ya mtu. Mwaka wa nne sasa walikuwa wakija kwa siku tatu kutibu korongo lililomeza nusu ya shamba lake la mahindi. Walipanga mawe, wakapanda nyasi za nepia.

"Guka, umekonda bana!" Joy, mwanafunzi aliyemzoea kama babu yake, alimkumbatia. "Kwani hukuli?"

"Sasa nikule na nani?"

Boma likajaa kelele. Walimaliza sufuria nzima ya githeri, wakabishana kuhusu mpira, wakamtania kwa kofia yake. Mathenge akacheka hadi akajishangaa.

Siku ya tatu, mwalimu wao, Daktari Nyongesa, alipanda kutoka korongoni akijikuna kichwa.

"Mzee, hii korongo ilikuwa imenishinda. Kila mwaka tukirudi, nepia imeenda, mawe imeenda."

"Maji ya mlima hayana adabu, Daktari."

"Lakini saa hii tumepanda ndani zaidi, mizizi itashika. Ikifika mvua ijayo, korongo imepona. Utalima mpaka pale chini!"

Wanafunzi wakapiga makofi. Mathenge naye akapiga, polepole.

"Na nyinyi?" akauliza.

"Sisi tutahamia shamba ingine mwakani. Kuna mama huko karibu na Kibomet ametuomba sana."

"Mungu awabariki," mzee akasema. "Mmenitoa mbali."

Joy alimkumbatia tena, basi likaondoka. Mathenge alipunga mkono hadi vumbi likatulia barabarani. Alirudi ndani, akaketi, akainuka. Nyumba ilikuwa kimya hadi masikio yakamuuma.

Akachukua jembe, akashuka korongoni. Akamwomba Mungu msamaha, kama miaka mingine yote, kisha akaanza kung'oa nepia.