Finjani ya Haji Mutlaq

Rudaina alibandika jicho kwenye upenyo wa mlango. Hakumtazama mwanamume aliyekuja kumposa. Alitazama mkono wa mshenga.

Mshenga alikuwa Haji Mutlaq, jirani yao hapo Karak, aliyembeba Rudaina tangu hajaota meno. Nusu ya mji huu ameuozesha yeye. Lakini siku hizi, masikini, kichwani hakikai kitu. Akitoka kwenda duka la dawa, miguu humfikisha msikitini, maana ndiko ilikozoea. Anachokusudia anakijua, viungo ndivyo vyenye mambo yao.

Na posa ya Karak ipo kwenye kahawa. Mshenga hupewa finjani ya kwanza, akaiweka chini, asiiguse mpaka akubaliwe. Akiinywa kabla, basi, wamekuja kutembea tu na hapaombwi mtu. Ikikaa pale inapoa, nani atathubutu kumkatalia Haji? Si baba yake Rudaina. Wa kumkatalia hajatokea bado.

Wiki nzima Rudaina alikwenda kwa Haji kila asubuhi, akaushika mkono ule ule.

"Finjani, babu. Usije ukanisahau."

"Mimi nikusahau wewe?"

Kesho yake Haji anamwuliza finjani gani. Rudaina alirudi nyumbani akilia njia nzima.

Sasa Tirad, mposaji mwenyewe, amekaa kifua mbele. Alishawahi kuoa, habari za mke yule hazizungumzwi mbele za watu.

Ami yake Rudaina akamimina kahawa. Haji akapokea. Mkono ukaanza kushuka taratibu kuelekea mezani, na Rudaina akajishika kifua. Halafu ukasita. Haji akaikodolea macho finjani, amekunja uso, kama mtu aliyepotewa na jina la mwenzake.

Akainywa yote.

Tirad akainuka, uso umemwiva. Baba, haraka haraka, akawashukuru wageni kwa kuja kumjulia hali. Wazee wakamnyanyua Haji huku wakisonya: huyu kashakwisha, nani alisema aje? Nyuma ya mlango Rudaina alikuwa sakafuni, ameziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.

Walipokuwa wakimkokota kupita pale, Haji aliinama kidogo kwenye upenyo.

"Nimekumbuka, mjukuu wangu?"

"Umekumbuka, babu."