Gemu la Kumrudishia Dereva Akili

“Umegonga tena! Rudia!”

Dereva wa lori aliachia usukani wa plastiki, akajifuta jasho. Kwenye skrini, kigari chekundu kilikuwa kimeparamia ukuta. Gemu lilimtaka akumbuke njia: kushoto dukani, kulia shuleni, kisha moja kwa moja hadi gereji. Tangu lori lake lilipopinduka mtaroni akaumia kichwa, hakukumbuka hata alichokula asubuhi.

“Polepole, shemeji,” mtaalamu wa tiba alisema. “Hii ni tiba, siyo adhabu.”

“Amepumzika vya kutosha huyu. Rudia!” alifoka mwanamke aliyesimama nyuma ya dereva.

Wodi nzima ilimwita mwanamke huyo shemeji. Mgonjwa hakuwa na mgeni mwingine, na hospitalini anayebeba chupa ya uji ndiye ndugu, nani amuulize zaidi? Mgonjwa haulizwi uji, na huyu hakuulizwa chochote. Alimiminiwa, akaambiwa anywe upesi, gemu linasubiri.

“Mke gani huyo?” wauguzi walinong’ona. “Mume hajui hata kufunga vifungo, yeye ni kufoka tu.” Hakuna aliyewahi kumsikia akimwambia pole. Kila siku aliuliza jambo moja: “Atakumbuka lini?”

Alitaka akumbuke. Alitaka kwa hasira, hasira ya kumkosesha mtu usingizi. Mtaalamu alipojaribu kuleta gemu jepesi la kupanga matunda, mwanamke alipiga meza hadi vikombe vikaruka.

“Matunda ya nini? Huyu ni dereva. Mwache aendeshe!”

Na tuseme ukweli, ukali wake ulizaa matunda. Dereva alianza kukumbuka duka, halafu shule, halafu majina ya wauguzi. Asubuhi moja kigari kilifika gereji bila mkwaruzo. Skrini ikapiga vigelegele, mtaalamu naye akapiga.

“Shemeji, mumeo amerudi!”

Mwanamke hakushangilia. Alivuta kiti, akamkabili dereva uso kwa uso.

“Nitazame vizuri. Mimi ni nani?”

Dereva alimtazama.

“Nilikuona kwenye kioo cha pembeni,” alisema. “Umepiga magoti barabarani, umembeba mtoto niliyemgonga. Mimi… mimi sikusimama.”

Mwanamke alinyanyuka, akamtupia shati.

“Maneno hayo hayo,” alisema, “utamwambia hakimu.”