Mkono wa Serikali

Sheria ilitaka kila mgonjwa asiye na tumaini la kupona apewe mkono wa mashine. Ulikuwa laini, wenye joto, umefungwa ukingoni mwa kitanda, nao ulipima maumivu kiganjani na kutoa dawa kabla mtu hajalia. Mama Anzeruni alikufa ameushika, uso umetulia. Mumewe, mzee Kobelo, alikaa upande wa pili, mikono yake mwenyewe imekosa kazi.

Arobaini ikapita, zahanati haikuja kuuchukua. Kila alasiri mzee alimimina chai vikombe viwili, akaushika. Mkono ulimbinya mara mbili, vile vile mkewe alivyombinya akitaka sukari zaidi. Naye aliongeza.

Siku moja muuguzi akabisha hodi. Mzee akauficha mkono chini ya shuka bila kuuachia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Niachieni japo wiki moja."

"Sijaja kuuchukua," muuguzi akasema, macho chini. "Mkono umetutumia vipimo vyako. Nimekuja kubadilisha jina la mgonjwa."

Chini ya shuka, mkono ukambinya mara mbili.