Kiboko Apunguza Mzigo

Enzi hizo wanyama wakiendesha malori, Kiboko alikuwa dereva asiyeambilika. Siku moja alipakia maboga ya Nguchiro, mwenye mali akakaa kando yake, wakaenda mpaka kwenye mzani wa barabarani.

Korongo, mpima magari, akanyoosha shingo. "Dereva, umezidisha. Punguza mzigo ndipo upite."

"Hilo tu?" Kiboko akacheka. Kwake kutupa chakula ilikuwa dhambi. Akapanda nyuma, akayatafuna maboga mpaka mkanda wa suruali ukakatika. Kisha akarudi kwenye usukani akicheua. "Haya, pima!"

Uzito ukawa uleule.

"Mzani wako mbovu!" Kiboko akafoka.

"Mzani mzima. Mzigo haukupungua, umehama tu. Hebu shuka."

Kiboko akashuka akihema, na papo hapo lori likafaulu.

"Gari halina neno," Korongo akasema. "Kilichozidi ni dereva. Na anayehema kwa kushuka tu, sheria haimpi usukani."

Nguchiro akashika usukani mwenyewe. Kiboko akafuata kwa miguu, jasho likimtiririka, akilia apumzishwe kidogo. Nguchiro akachungulia dirishani.

"Kaza mwendo, bwana! Maboga yangu unayo wewe, na sokoni yanasubiriwa."